Kuuliza Kipimo si Utovu wa Nidhamu

Kila askari aliyepita katika uwanja wa shabaha anaijua sheria moja isiyobagua cheo. Aonapo hatari mbele ya bunduki, awe kuruta wa wiki mbili au meja wa miaka ishirini, ana haki, na zaidi ya haki ana wajibu, wa kupaza sauti ili ufyatuaji usimame mara moja. Hakuna ofisa atakayemwuliza, "Wewe ni nani hata utusimamishe?" Kwanza bunduki hunyamaza; maelezo huja baadaye. Leo tunapenda kuuliza: kwa nini sheria hii njema iishie uwanjani, isivuke uzio na kuingia katika zahanati zetu, za jeshi na za polisi, ambako makosa ya namba moja tu yaweza kumdhuru askari, mkewe au mtoto wake?

Mwandishi wa tahariri hii ana sababu ya kuuliza hivyo. Miaka michache baada ya kuhitimu chuo cha makadeti, usiku mmoja alimsindikiza mke wa askari wa kikosi chake hadi zahanati. Mtoto aliyebebwa alikuwa amezimia kwa homa, nayo ilikuwa malaria kali. Mizani ya pale ilikuwa ya mshale, yenye safu mbili za namba, moja ya kilo na nyingine ya ratili. Sajini wa tiba aliyekuwa zamu, ambaye alikuwa hajapumzika tangu asubuhi, aliitazama mizani kwa haraka, akaandika katika karatasi "20", bila neno jingine lolote. Kisha akamwamuru mwanafunzi wa uuguzi, binti wa mwaka wa pili, atayarishe sindano ya atesuneti kwa mtoto wa kilo 20.

Binti yule alimtazama mtoto ndani ya blanketi, akaitazama karatasi, akauliza kwa sauti ndogo, "Afande, hizi ni kilo au ni ratili?" Aliuliza kwa sababu mtoto wa kilo 20 kwa kawaida huwa amekaribia umri wa kwenda shule, na huyu alikuwa bado hajaanza kutembea. Sajini alikasirika. Alimkemea mbele ya mama wa mtoto na mbele ya wagonjwa waliokuwa wakingoja, akamwambia kwamba jeshini amri hutekelezwa kwanza. Hata hivyo alirudi kwenye mizani. Mshale ulikuwa umesimama kwenye ratili 20, yaani kilo 9 tu.

Mtoto alipewa dawa kwa uzito wake wa kweli, akapona. Sajini hakumtaka radhi binti yule. Wala hapakuwa na mtu aliyemshukuru, hata sisi wenye nyota mabegani. Tuliona haya kumrekebisha sajini mbele ya watu, tukanyamaza. Kwa hivyo haya tunayoyaandika leo ni deni, na tunalilipa kwa kuchelewa.

Yafaa msomaji aione hesabu yenyewe, ili asidhani kwamba tunakuza jambo dogo. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto aliye chini ya kilo 20 mwenye malaria kali hupewa miligramu 3 za atesuneti kwa kila kilo ya uzito wake. Aliyefikia kilo 20 na kuendelea hupewa miligramu 2.4 kwa kila kilo. Basi mtoto wa kilo 9 anastahili miligramu 27. Mtoto wa kilo 20 anastahili miligramu 48. Kwa kukosa neno moja katika karatasi, mtoto yule alikuwa karibu kupewa dozi inayokaribia mara mbili ya haki yake.

Tena shimo haliko moja. Kichupa cha miligramu 60 cha dawa hiyo huyeyushwa kwa mililita 1 ya kiyeyushio chake. Ikiwa sindano itapigwa katika mshipa wa damu, huongezwa mililita 5, na kila mililita ya mchanganyiko hubeba miligramu 10. Ikiwa itapigwa katika msuli, huongezwa mililita 2 tu, na kila mililita hubeba miligramu 20. Kwa hiyo miligramu 27 zile zile ni mililita 2.7 kwa njia ya mshipa, na mililita 1.35 kwa njia ya msuli. Mwuguzi atakayechanganya kwa namna moja na kuvuta kwa namna nyingine atakuwa ameongeza dozi maradufu au ameikata nusu, hali anaamini kwamba amefuata kitabu.

Pengine kosa la usiku ule lisingemwua mtoto, maana dawa ile si katili kama nyingine. Lakini mkono ule ule, kesho yake, hushika mofini, insulini, kwinini na digoksini. Dawa hizo hazisamehi.

Askari polisi wanaotusoma wataielewa hoja hii upesi kuliko wengine. Konstebo akiandika katika kitabu cha matukio kwamba mtuhumiwa alikamatwa na "5" za bangi, hakimu atamwuliza: gramu tano, kilo tano au misokoto mitano? Kesi itaanguka, hata kama mtuhumiwa ana hatia. Vivyo hivyo kwa askari wa miguu. Ramani nyingi za zamani za nchi zetu huonyesha miinuko kwa futi, na kadeti anayezisoma futi 600 kana kwamba ni mita 600 ataupeleka mpango wake wote kombo. Namba isiyo na kipimo chake ni sawa na amri isiyosema inaelekezwa kwa nani.

Katika zahanati zetu hatari hii huongezeka kwa sababu ya lugha. Maandishi ya chupa ni ya Kiingereza, masomo ya uuguzi ni ya Kiingereza, lakini amri kitandani hutolewa kwa Kiswahili cha kambini, kifupi na cha haraka. "Mpe mbili." Mbili zipi? Vidonge viwili, mililita mbili, au miligramu mbili? Kiswahili chetu si maskini wa maneno. Sisi wenyewe ndio tunaoyabana. Askari wetu waliokwenda Somalia tangu Machi 2007 wanajua jinsi kambi moja inavyoweza kukusanya watu wa nchi mbalimbali. Mahali pa namna hiyo, neno la mkato ambalo watu wa kikosi kimoja hulielewa haliwezi kutegemewa.

Sasa tuwageukie wanafunzi wa uuguzi waliomo katika majeshi yetu. Wengi wao hulalamika kwamba hesabu za kubadili vipimo ni ngumu. Sisi twasema si ngumu, ila zinadai utaratibu, kama vile kufungua na kufunga bunduki. Ngazi yenyewe ina vidato vinne tu: kilo, gramu, miligramu, mikrogramu. Kila kidato unachoshuka, zidisha kwa 1,000. Kila kidato unachopanda, gawanya kwa 1,000. Gramu 1 ni miligramu 1,000, na miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Daktari akiandika digoksini miligramu 0.25, na kidonge kimeandikwa mikrogramu 250, mwanafunzi asishtuke wala asianze kutafuta vidonge vingi: ni kidonge kimoja, kwa kuwa 0.25 mara 1,000 ni 250. Asiyebadili kipimo kabla ya kugawanya ataona mbele yake namba mbili zisizofanana, na hapo ndipo kubahatisha huanza.

Baada ya kuvifanya vipimo vyote viwe vya namna moja, ndipo hesabu ya pili huja: chukua dozi iliyoamriwa, igawanye kwa dozi iliyomo mkononi, kisha zidisha kwa ujazo uliobeba dozi hiyo. Ampuli ya jentamaisini ina miligramu 80 katika mililita 2, na amri ni miligramu 60. Sitini kugawanya kwa themanini, mara mbili, ni mililita 1.5. Mwanafunzi asiridhike hapo. Ajiulize: dozi niliyoamriwa ni ndogo kuliko ampuli nzima; je, jibu langu nalo ni dogo kuliko mililita 2? Swali hili halichukui hata dakika moja, nalo limekwisha kuokoa wengi. Jibu linapodai ampuli tano au vidonge kumi kwa mgonjwa mmoja, karibu kila mara kosa liko katika hesabu, haliko katika ghala.

Liko jambo jingine linalowatega hata wazoefu, nalo ni dawa zilizoandikwa kwa asilimia au kwa uwiano. Asilimia 1 maana yake ni gramu 1 katika mililita 100, yaani miligramu 10 katika kila mililita. Kwa hiyo lignokeini ya asilimia 2, ile ya kufia ganzi wakati wa kushona jeraha, ina miligramu 20 katika kila mililita, na mililita 10 zake ni miligramu 200. Adrenalini ya 1 kwa 1,000 ina miligramu 1 katika mililita 1. Ile ya 1 kwa 10,000 ina sehemu ya kumi ya hiyo. Hapa namba kubwa ndiyo dawa dhaifu, na mtu mwenye haraka hufikiri kinyume. Mtu mzima aliyepatwa na mzio wa ghafla hupigwa miligramu 0.5 katika msuli, yaani nusu mililita ya ile kali. Marekani iliona hatari hiyo, na tangu mwaka 2016 maandishi ya uwiano yaliondolewa katika chupa za dawa ya namna hiyo, ikabaki miligramu kwa mililita peke yake. Nasi hatuhitaji kusubiri kiwanda kibadili karatasi ya chupa. Mwuguzi anaweza kuandika miligramu hizo kwa mkono wake.

Dripu nayo ina hesabu yake. Lita 1 ya maji ikiamriwa iingie kwa saa 8, hizo ni mililita 1,000 kwa dakika 480. Mpira unaotoa matone 20 kwa kila mililita utahitaji matone 42 hivi kwa dakika. Mpira mwembamba unaotoa matone 60 kwa mililita utahitaji matone 125. Maji ni yale yale na saa ni zile zile, ila tone si tone moja. Anayehesabu matone bila kusoma mfuko wa mpira wake anapiga shabaha akiwa amefumba jicho la kulengea.

Wala jambo hili haliishii kwa wauguzi. Katika laini zetu, akina mama hupewa dawa ya maji ya mtoto na kuambiwa, "kijiko kimoja." Kijiko cha chai cha kupimia dawa ni mililita 5, kijiko cha mezani ni mililita 15, mara tatu yake, na kijiko cha kukorogea uji hakijulikani hata kidogo. Askari amwulize mwuguzi ni mililita ngapi, aombe kikombe kidogo cha kupimia au bomba la sindano lisilo na sindano yake, na akifika nyumbani amweleze mkewe. Aujue pia uzito wake mwenyewe kwa kilo, kama anavyoijua namba yake ya jeshi.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kila mtu ana simu, na simu ina kikokotoo, basi hesabu imekwisha. Hoja hii haitoshi. Mashine itagawanya na kuzidisha bila kukosea, lakini haijui kama ile 20 iliyopewa ni kilo au ratili. Uthibitisho tunao. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya abiria ya Air Canada, aina ya Boeing 767, iliishiwa mafuta katikati ya safari yake ya kwenda Edmonton, nchini Kanada. Ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Wakati huo nchi ile ilikuwa inahama kutoka ratili kwenda kilo. Waliokokotoa walitumia namba 1.77, ambayo ni uzito wa lita moja ya mafuta kwa ratili, badala ya 0.8 hivi, ambayo ndiyo ya kilo. Ndege ikapaa ikiwa na chini ya nusu ya mafuta iliyoyahitaji. Ilikuwa bahati, pamoja na ustadi wa rubani Robert Pearson na msaidizi wake Maurice Quintal, kwamba iliteleza angani bila injini hadi kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi la anga huko Gimli, na watu wote 69 wakaokoka.

Watu wale hawakuwa wajinga, na hesabu yao ilikaguliwa kabla ya kupaa. Lakini kila aliyeikagua alianza na ile ile 1.77, akaona kuzidisha na kugawanya ni sawa, akaridhika. Katika zahanati pia, mtu wa pili anayeitazama karatasi ya mwenzake na kutikisa kichwa hajakagua chochote. Hana budi kuanza mwanzo: aisome chupa mwenyewe, aitazame mizani mwenyewe, apate jibu lake, ndipo majibu mawili yakutanishwe.

Wapo pia, na hawa ndio tunaowaheshimu zaidi, watakaosema kwamba jeshi haliwezi kusimama ikiwa kila mdogo atamhoji mkubwa wake. Twakubaliana nao kabisa kwamba amri ndiyo uti wa mgongo wa jeshi. Lakini amri ya dawa isiyo na kipimo bado haijawa amri kamili, na anayeomba ikamilishwe hajaikataa. Redioni sisi sote hurudia ujumbe tuliopokea ili aliyeutuma athibitishe, na hakuna kamanda anayekasirika anaposikia maneno yake yakirudiwa, hukasirika yasiporudiwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi twaongeza kwamba, penye sindano, kuuliza ni sehemu ya kutii.

Kwa hivyo twawaomba makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo vya polisi watoe maagizo machache, yasiyohitaji fedha. Kwanza, mizani za zahanati zitumie kilo peke yake. Safu ya ratili ifunikwe kwa plasta au ipakwe rangi. Pili, kipimo kiandikwe kwa neno zima. Mikrogramu iandikwe "mikrogramu", maana alama yake ya Kigiriki husomwa kama miligramu, na tofauti ni mara 1,000. Yuniti za insulini zisifupishwe kwa herufi U, kwa kuwa 10U ikiandikwa vibaya husomwa 100. Sufuri iwekwe kabla ya nukta, 0.5 wala si .5, na isiwekwe baada yake, kwa kuwa 5.0 mwanga ukiwa hafifu ni 50. Tatu, kila dozi ya mtoto, na kila dozi ya insulini, mofini na digoksini, ikokotolewe na watu wawili, kila mmoja peke yake. Pale ambapo mwuguzi yuko mmoja tu, arudie hesabu yake tangu kwenye chupa, na amwite mwenzake kwa simu au redio.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, itangazwe katika gwaride kwamba mhudumu yeyote wa tiba, hata mwanafunzi, anaruhusiwa kusimamisha dozi kwa kuuliza swali moja: kipimo gani? Aliyeulizwa ajibu. Akigundua kosa lake, aseme asante mbele ya wale wale waliosikia swali.

Mwezi Machi 2017 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote zipunguze kwa nusu madhara makubwa ya dawa yanayoweza kuzuilika. Mambo kama haya huzungumzwa katika mikutano mikubwa, lakini hutimizwa usiku, katika chumba kidogo, na watu wawili waliochoka walio karibu na mgonjwa.

Binti yule wa mwaka wa pili sasa atakuwa amehitimu zamani. Hatujui yuko kikosi gani, wala hatujui kama bado huuliza au kemeo lile lilimfundisha kunyamaza. Iwapo anasoma ukurasa huu, twamwambia kile tulichopaswa kumwambia usiku ule, mbele ya sajini, mama wa mtoto na wagonjwa wote: umefanya vyema, na asante. Na kwa maofisa wenzetu walio na wanafunzi wa uuguzi chini yao: watakapouliza kesho, wajibuni.